Walichonunua kwa Shangazi

Siku kampuni kubwa ya kufulia nguo ilipoinunua ile ndogo, hapakuwa na shamrashamra. Wakili alileta karatasi, pande mbili zikatia saini, na Shangazi akachomoa funguo kwenye kitanzi chake, akazipanga mezani, kisha akaomba maji ya kunywa. Kila mtu alimwita Shangazi, hata wateja waliomzidi umri. Magoti yalikuwa yamemchosha, binti yake alimtaka akaishi naye, na katika ukoo wao hakuna aliyetaka maisha ya mvuke na shuka za watu.

"Nimewauzia kila kitu," alisema baada ya kunywa. "Mashine, gari, wateja, na wafanyakazi kama watakubali kubaki. Msije mkasema kesho kwamba nimeficha kitu."

Aliyezipokea funguo alikuwa Meneja, mwanamke mwenye umri wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye kutembea kama anayechelewa basi. Kampuni kubwa ilikuwa ya familia yao. Baba yao aliianzisha, na alipofariki kaka yake akashika mambo ya nje, yaani benki, wateja wakubwa na mikataba, naye akashika kazi yenyewe. Kaka alivaa suti, dada alivaa viatu vya mpira. Walielewana kwa sababu kila mmoja aliiona kazi ya mwenzake kuwa adhabu.

Walikuwa na sababu ya kununua. Hoteli kubwa iliyokuwa ikiwaletea shuka na vitambaa vya meza kwa miaka mingi iliwahama ikaenda kwa Shangazi. Kule nguo zilirudi nyeupe, laini, na hakuna hata foronya iliyopotea. Meneja alichunguza. Sabuni yao ilikuwa ileile, kutoka kwa muuzaji yuleyule. Mashine zao zilikuwa kuukuu kuliko zake.

"Tumeshawaiga mpaka sabuni," kaka yake alisema. "Sasa tuwanunue wenyewe, tumalize."

Kabla ya kutia saini Meneja alimuuliza Shangazi waziwazi: mnafanyaje? Shangazi aliinua macho kwenye dari akifikiri.

"Tunafua tu, mwanangu."

Meneja alidhani anamzunguka. Hakumlaumu, kwani hata yeye asingemwaga siri zake kabla ya fedha kuingia benki.

Kiwanda cha Shangazi kilikuwa ukumbi mmoja, tena mdogo. Mlangoni palikuwa na meza ndefu ya kupokelea nguo, ukutani kwa nyuma mashine za kufulia, na katikati, pua kwa pua na mashine hizo, rola kubwa ya kupigia pasi. Hapakuwa na ukuta wa kutenganisha chochote kwa sababu nafasi ya ukuta haikuwepo. Meneja alisimama pale siku nzima akitazama, na kitu kilichomshangaza kuliko vyote ni ugomvi.

Mezani alikuwepo mama mmoja waliyemwita Mapua, kwa sababu alinusa kila furushi kabla ya kulifungua. Kwenye mashine alikuwepo Redio, mwanamume wa makamo asiyefunga mdomo. Kwenye pasi alikuwepo Mama Pacha, mwenye mikono minene na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Watatu hawa ndio waliokuwa viongozi wa wengine, na tangu asubuhi hadi jioni walikuwa wakizozana.

"Redio! Unanipa shuka au sabuni?" Mama Pacha alipaza sauti.

"Macho huna? Zimesuuzwa hizo!"

"Njoo ushike mwenyewe! Na wewe Mapua, mbona umemchanganyia taulo za mafuta?"

"Nilizifunga fundo mimi! Yeye ndiye kafungua bila kutazama!"

Na wengine wote wakicheka au wakiunga mkono upande huu au ule. Jioni walikunywa chai pamoja wakiendelea kutupiana maneno kuhusu mzigo wa mchana, kisha wakaagana vizuri kabisa. Meneja aliporudi ofisini alimwambia kaka yake kwamba watu wa Shangazi ni hodari lakini hawana nidhamu.

Mpango aliouandaa ulikuwa na mantiki, na mtu yeyote mwenye akili timamu angeukubali. Kampuni ilikuwa na matawi matatu, makao makuu yakiwa la kwanza. Kama watu wa Shangazi wanajua kitu, basi wagawanywe, kila tawi lipate wa kwake, ujuzi usambae kama chumvi kwenye mchuzi. Mapua alipelekwa kwenye mapokezi ya makao makuu. Redio alipelekwa kwenye mashine za tawi la pili, na Mama Pacha kwenye pasi za tawi la tatu. Wenzao nao wakagawanywa vivyo hivyo. Mishahara ilipanda kidogo, sare mpya zikashonwa. Ukumbi wa zamani ukarudishwa kwa mwenye nyumba, naye akampangisha muuza samani.

Mwanzoni hakuna aliyelalamika. Kisha msimamizi wa vyumba wa ile hoteli, mama mtaratibu ambaye hakuwahi kupandisha sauti, alikuja makao makuu na kitambaa cha meza kwenye mfuko. Alikikunjua juu ya meza ya Meneja, karibu na dirisha.

"Dada, hii ni rangi gani?"

"Nyeupe."

"Tazama tena."

Meneja alitazama tena. Kilikuwa kinaelekea njano, kama karatasi iliyosahaulika juani.

"Wageni hawasemi," alisema yule mama. "Ila mimi naona. Na taulo zenu siku hizi zina harufu ya mafuta ya wanaokandwa. Kwa Shangazi haya hayakuwepo."

"Ni watu walewale wa Shangazi wanaofua, mama."

"Basi sijui mmewafanya nini."

Meneja alibadilisha sabuni. Akaongeza dawa ya kung'arisha, shuka zikaanza kuchanika kwenye pindo. Akapunguza dawa, njano ikarudi. Kabla msimu wa wageni haujaisha hoteli ikaondoka, safari hii kwa kampuni nyingine kabisa, na mkataba uliokuwa kiini cha ununuzi wote ukawa umekwenda na maji.

Kaka yake hakupiga kelele. Alifunga mlango wa ofisi na kuketi ukingoni mwa meza, jambo ambalo baba yao alilikataza.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Mashine zao tumeziuza kama vyuma chakavu. Ukumbi tumerudisha. Mteja kaondoka. Tulinunua nini pale?"

Usiku huo Meneja hakugusa chakula, na mumewe alipomuuliza alisema ni uchovu.

Kesho yake akaanza kuwafuata mmoja mmoja. Redio alimkuta kwenye tawi la pili, mnyonge, akifua kimyakimya. Mashine zilikuwa zinalia peke yake.

"Mimi nilikuwa nafua nilivyoletewa," alisema. "Mwenye kujua nguo ni Mapua. Muulize yeye."

Mapua alikuwa ameshaacha kazi. Meneja alimkuta sokoni kwenye kibanda chake kipya cha nguo za watoto, akipanga soksi.

"Mimi nilipokea tu, dada. Mtaalamu wa shuka ni Mama Pacha. Huyo ukimpa shuka anakuambia hata iliota nini."

Na Mama Pacha, kwenye tawi la tatu, akafuta jasho na kusema, "Pasi hainyooshi uchafu. Weupe ni wa Redio. Mimi nilikuwa namgombeza tu."

Kila mmoja aliapa kwamba anayejua ni mwenzake, na Meneja aliwatazama machoni akaona hawadanganyi. Hata hivyo hakukata tamaa. Aliwaomba waeleze kila wanachofanya, akaandika mwongozo mzuri wenye picha, akaugawa kwenye matawi yote. Mwongozo ulifika kwa Kanali, mkuu wa mashine wa makao makuu, mtu wa enzi za baba yao, mrefu, mwenye ndevu zilizokatwa kwa rula. Aliusoma wote, ukurasa kwa ukurasa, akaurudisha.

"Haya yote tunayafanya, Meneja."

Akaenda naye hatua kwa hatua. Ni kweli. Joto lilikuwa sawa, kipimo cha sabuni sawa, muda sawa. Mwongozo haukuwa na kosa lolote, na haukusaidia kitu.

Basi akaitisha kikao. Alimbembeleza Mapua afunge kibanda nusu siku, akawaleta Redio na Mama Pacha, akawaketisha wote kwenye chumba cha mikutano cha makao makuu. Alitaka tu wakubaliane nani alikuwa akiamua nini. Hawakuwa wameonana kwa miezi. Walikumbatiana, wakaulizana habari za watoto, na chai ilikuwa haijapoa walipoanza.

"Redio, unakumbuka zile taulo za chumba cha kukandia?" Mama Pacha alisema. "Karibu uunguze kiwanda."

"Mimi? Mapua hakufunga fundo!"

"Nilifunga! Fundo mbili! Mafuta yale nilivyoyanusa nikajua haya si ya kawaida, nikafunga mbili!"

"Mbili ndiyo maana yake nini?"

"Maji ya moto kabisa, na zifuliwe peke yake! Hukujua? Mbona ulizifua hivyo baadaye?"

"Kwa sababu Mama Pacha alinirushia moja usoni!"

Meneja alitaka kuwanyamazisha, kisha mkono wake ukabaki hewani. Mapua hakuwahi kutaja mafundo, na hakuwa ameficha. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kama kufunga kamba za viatu. Redio hakuwahi kusema kwamba alisuuza mara moja zaidi kila alipoona Mama Pacha amekunja uso. Na Mama Pacha hakuwahi kusema kwamba kiganja chake husikia shuka inapoteleza, maana imebaki na sabuni, na sabuni ikipita kwenye rola ya moto hugeuka njano. Alipiga tu kelele. Mzigo uliofuata ukawa umesuuzwa vizuri kabla ya kelele kwisha.

"Mama Pacha," Meneja aliuliza taratibu, "kwenye tawi la tatu, shuka ikiteleza unamwambia nani?"

"Najaza fomu, mama. Kama mlivyotuambia."

"Na fomu inakwenda wapi?"

"Kwa msimamizi. Naye anampelekea mwenziwe wa mashine asubuhi." Alicheka kidogo, si kwa furaha. "Lakini hizo shuka zimeshalaliwa na wageni. Na wa mashine mwenyewe simjui. Yuko nyuma ya ukuta."

Nyuma ya ukuta. Matawi yote matatu yalijengwa kwa mfano mmoja: mapokezi mbele, ufuaji nyuma ya ukuta mmoja, pasi nyuma ya mwingine. Pasi ilikaa kwenye ukavu na utulivu, mapokezi yakabaki nadhifu mbele za wateja. Watu wangeweza kufanya kazi miaka kumi bila kuonana ila siku ya mshahara.

Meneja alimwendea kaka yake na ombi la kubomoa kuta mbili za makao makuu.

"Baba ndiye aliyezijenga," kaka yake alisema.

"Najua."

"Alisema mvuke usiwafikie wapiga pasi. Alisema mteja asisikie kelele za kazi."

"Kaka, kelele ndiyo kazi yenyewe. Uliniuliza tulinunua nini pale kwa Shangazi. Tulinunua kelele, tena mimi ndiye niliyezizima."

Kaka yake aligeukia dirisha. Baba yao alimfundisha kupiga lipu kwenye kuta hizo alipokuwa likizo ya shule, na dada yake alikuwa mdogo mno kukumbuka.

"Usibomoe mimi nikiwepo," alisema. "Nitakwenda kumwona yule wa benki Alhamisi. Na ikishindikana, unazijenga upya kwa mshahara wako."

Kuta zilivunjwa Alhamisi. Rola ya pasi ilisogezwa ikatazamana na mashine. Redio na Mama Pacha wakahamishiwa makao makuu pamoja na wenzao waliokubali. Mapua alikataa katakata. Alisema pua yake imestaafu na soksi hazina harufu. Nafasi yake akapewa mama wa kaunta aliyezoea kuandika risiti tu, mpole, mwenye kuomba radhi hata anapokanyagwa mguu yeye.

Kama Meneja alitegemea muujiza, hakuuona. Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko zote. Mvuke ulijaa kila mahali mpaka wakatoboa madirisha. Redio alifua kama alivyofua kwa Shangazi na nguo zikatoka ngumu kama ubao. Na asubuhi moja, mbele ya watu wote, Mama Pacha alijaza kifua hewa akapiga ile sauti yake:

"Wewe mwenye ndevu! Sabuni!"

Kanali alizima mashine. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akapanda ngazi kwenda kwa Meneja.

"Nimefua hapa tangu ukiwa na sare za shule," alisema. "Baba yako hakuwahi kuniinulia sauti. Sitafokewa na mtu aliyekuja juzi. Ninaomba barua yangu ya kuacha kazi."

Meneja alimjua. Angemwomba msamaha, angeondoka. Angemwamuru, angeondoka haraka zaidi.

"Barua nitakuandikia," alisema. "Kwanza twende tukaione hiyo shuka. Kama amekusingizia, barua nitaandika mbili, yako na yake."

Walishuka. Mama Pacha aliishika shuka kwa ncha akaitandaza kwenye mikono miwili ya Kanali. Kanali aliipitisha kiganjani, akaipitisha tena. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Inateleza," alisema.

"Inateleza," Mama Pacha akakubali.

"Ungeniita."

"Si nimekuita?"

"Umesema mwenye ndevu. Mimi nina jina."

"Sasa baba, hilo jina hakuna aliyewahi kuniambia. Niko hapa wiki ya tatu, salamu yako tu sijaipata!"

Mtu mmoja akaangua kicheko huko nyuma, kisha wa pili. Kanali alisimama kidogo na shuka mikononi, akaona aibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Hakuwa amewasalimia hata mmoja wao.

"Watu huniita Kanali," alisema.

"Haya. Kanali! Sabuni!"

Akairudisha shuka kwenye mashine. Aproni aliivaa akiwa amewapa mgongo.

Mambo yalianza kubadilika polepole, na si kwa namna Meneja alivyotarajia. Kanali alipoanza kuzungumza na Redio, waligombania maji wiki nzima. Redio alishikilia kwamba kipimo chake hakijawahi kumwangusha. Kanali alimvuta hadi kwenye tangi, akamchotea maji kwenye kikombe, akamwonyesha chokaa iliyotulia chini, ndiyo iliyozifanya nguo ngumu. Maji ya kwa Shangazi yalitoka kwenye bomba, haya yalitoka kisimani. Kwa miaka yote Kanali alijua jambo hilo na hakuna aliyemuuliza, maana hapakuwa na wa kumuuliza. Wakatafuta pamoja kipimo ambacho hakikuwa cha Shangazi wala cha baba yao, wakibishana, Mama Pacha akiwahukumu kwa kiganja. Mama wa kaunta naye alianza kunusa. Siku ya kwanza aliyomwambia Kanali "samahani, huu mzigo usichanganye," alisema kwa sauti ndogo mno ikabidi Redio airudie kwa niaba yake, na Redio hakuirudia kwa sauti ndogo.

Ile hoteli haikurudi. Msimamizi wake alijibu kwa adabu kwamba wameshazoea kwingine. Walipata kliniki, na baadaye nyumba kadhaa za wageni zilizokuwa zikifua zenyewe. Hasara ya ununuzi ilikaa kwenye vitabu vya kampuni kwa muda mrefu, na kaka yake aliikumbushia kila walipotofautiana. Alipotaka tawi la pili nalo lipate "watu watatu wazuri kutoka makao makuu," dada yake alikataa, wakanuniana. Waliafikiana mwishowe: hakuna atakayehamishwa. Wale wa tawi la pili watakuja wenyewe, kundi zima, wapokeaji kwa wapiga pasi, wafanye kazi humu mwezi, kisha warudi kwao pamoja. Kuta za tawi la pili kaka aliagiza zivunjwe yeye mwenyewe.

Mwaka uliofuata Kanali aliomba likizo. Hakuwahi kuichukua ndefu, lakini nyumba yake ilihitaji paa na mafundi walihitaji kusimamiwa. Kabla ya kuondoka aliwazungukia wote na maagizo: valvu ile inabana, mashine ya mwisho inadai kugongwa ubavuni, kisima kikishuka mniite, simu itakuwa mfukoni muda wote.

Simu haikulia. Katikati ya likizo alipiga yeye, Redio akamwambia wako salama na kumuuliza paa limefikia wapi.

Alirudi Jumatatu, mapema kuliko wote, na walipofika walimkuta akizunguka ukumbini mikono nyuma. Alifungua valvu akaifunga. Aliinama kutazama chini ya mashine ya mwisho. Alisoma karatasi ambazo kliniki ilitia saini ilipopokea mizigo yake, akatafuta palipolalamikiwa.

"Maji yalishuka?" aliuliza.

"Yalishuka," Redio alisema. "Tukapunguza mizigo, mama wa kaunta akawachelewesha wateja, yakapanda."

"Hamkuniita."

"Ulikuwa juu ya paa, Kanali."

Kanali alitikisa kichwa kukubali, akabaki amesimama. Meneja, aliyekuwa akipita na viatu vyake vya mpira, aliona jinsi mabega yake yalivyoshuka kidogo, akajua angependa aambiwe walihangaika. Hakumdanganya.

"Karibu tena," alimwambia tu. "Kuna shuka za kliniki zimefika usiku, ni nyingi."

"Ziko wapi?" aliuliza Kanali, akaenda kuzitazama.